Mficha Uchi Hazai

Kwa miaka thelathini na minne ya kufundisha, methali hii niliieleza darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Niliiandika ubaoni kwa chaki, nikageuka upesi kabla vijana wa viti vya nyuma hawajaanza kucheka, nikawaambia kwamba maana yake ni kuwa mtu asiyesema shida yake hawezi kusaidiwa. Kisha tukaendelea na methali inayofuata. Sikuwaambia kamwe kwamba mwalimu wao mwenyewe alikuwa mfano hai wa methali hiyo, tena katika maana yake ya wazi kabisa, ile iliyowachekesha.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali nililoulizwa mwaka jana na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuja Morogoro kwa basi siku ya Jumamosi kutoka Dar es Salaam, akanisalimu, akamsaidia mke wangu jikoni, na baada ya chakula akabaki amekaa pale barazani kama mtu aliyesahau kuondoka. Ana umri wa miaka thelathini na minne. Ameolewa miaka sita, na hajapata mtoto. Hatimaye akafungua mkoba akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya kliniki moja inayotoa tiba ya sindano ya Kichina, ile wengine wanayoiita akupancha, pamoja na dawa za unga za mitishamba. Mgonjwa alitakiwa kuhudhuria mara kumi na mbili na kulipa shilingi laki tisa. Karatasi ilisema kuwa wanawake tisa katika kumi hupata mimba.

"Mjomba," akasema, "mama ameniambia kwamba ninyi mliwahi kutibiwa na Wachina zamani za reli. Niende au nisiende? Wote niliowauliza wameniambia niende, kwa hiyo kama wewe unakataa, nataka uniambie na sababu."

Nilimwomba anipe siku saba. Mwalimu mzee haoni haya kuomba muda wa kusahihisha.

Ni kweli tuliwahi kutibiwa, au niseme mke wangu aliwahi kutibiwa. Tulioana mwaka 1972, nilipotoka chuo cha ualimu, na mwaka uliofuata nikapangiwa shule ya msingi katika bonde la Kilombero, karibu na Mang'ula. Reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na pale Mang'ula Wachina walikuwa na kambi na karakana kubwa. Madaktari wa Kichina hawakuwa wageni nchini, kwani wa kwanza walifika Zanzibar katikati ya miaka ya 1960 na Bara mwaka 1968. Wale wa reli walikuja kuwatibu mafundi wao, lakini wanakijiji walipoanza kujipanga mlangoni hawakufukuzwa.

Mke wangu alikuwa na maumivu makali ya kiuno kila mwezi. Pia tulikuwa tumeingia mwaka wa tatu bila mtoto, na mama yangu alikwisha kuanza kusema. Basi tukaenda. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya kitambaa. Alimtazama mke wangu ulimi, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kwanza mkono mmoja halafu mwingine, akakaa kimya muda mrefu kama anayesikiliza jambo mbali. Kisha akamchoma sindano nyembamba kama unywele, chini ya kitovu na upande wa ndani wa miguu, juu kidogo ya vifundo. Akawasha fungu la majani makavu yenye harufu kama ya pakanga, akalisogeza karibu na ngozi bila kuigusa. Mke wangu alilala hapo kama nusu saa, na alirudi mara saba baada ya siku ile.

Siku ya tatu daktari alitoka nje nilikokaa. Mkalimani, kijana wetu aliyejifunza Kichina kambini, akaniambia: "Mwalimu, daktari anauliza, na bwana je? Anasema naye aje aangaliwe."

Nilicheka. Nikamjibu, "Mwambie bwana mzima kabisa."

Yule daktari alinitazama kidogo, akaandika neno katika daftari lake, na hakuuliza tena.

Hebu niwaeleze wasomaji elimu ya watu hawa, maana ni ya kale na haikuanzia katika matangazo ya barabarani. Kwa mujibu wa mafundisho yao, mwilini hupita nguvu iitwayo chi, ikifuata mikondo yake. Figo ndizo hazina ya asili ya uhai na uzazi, na damu ndiyo inayolisha tumbo. Mwanamke asiposhika mimba, huenda tumbo limeingia baridi, au damu imekwama, au hazina ya figo imepungua. Sindano hufungua njia, moto wa majani hufukuza baridi, na mizizi kama ile iitwayo danggui hujaza damu. Katika karne ya saba tabibu wao mkubwa, Sun Simiao, alipoandika kitabu chake cha tiba, magonjwa ya wanawake hakuyaweka mwishoni kama nyongeza bali aliyatanguliza. Nilipolisoma jambo hilo nilimheshimu mtu yule. Nawajua watu wengi wa karne hii ambao wangeyaweka mwishoni.

Lakini heshima ni jambo moja, na ushahidi ni jambo jingine. Wapasuaji hawajaiona mikondo hiyo. Wanachokubali ni kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, na kwamba mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Swali la mpwa wangu, hata hivyo, halikuwa la maumivu. Lilikuwa la mtoto. Basi nikampigia simu mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni daktari wa wanawake, akaja Jumapili na karatasi zake, tukakaa mwalimu na mwanafunzi, ila safari hii mwanafunzi ndiye aliyefundisha.

Alinionyesha kwanza utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2002. Wanawake 160 waliokuwa wakipandikizwa mimba hospitalini waligawanywa nusu kwa nusu. Themanini walichomwa sindano kabla na baada ya kupandikizwa, na themanini wengine walipumzika tu. Katika kundi la kwanza walioshika mimba walikuwa asilimia 42.5, na katika la pili asilimia 26.3. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na hapana shaka kliniki nyingi zilizaliwa kutokana nayo. Mimi mwenyewe nilianza kufikiri kwamba karatasi ya mpwa wangu ina haki.

"Subiri, Mwalimu," akasema. "Wewe ulitufundisha kwamba mtihani wa haki ni ule ambao msahihishaji haoni jina la mtahiniwa." Akanieleza kwamba mwanamke aliyechomwa sindano anajua kuwa amechomwa, na anayepumzika tu anajua kuwa hajapewa kitu. Ili mtihani uwe wa haki, watafiti hutengeneza sindano ya bandia. Ncha yake hurudi ndani ya mpini, mgonjwa huhisi kitu kimemgusa lakini hakimchomi, wala hawekewi mahali panapofundishwa na Wachina. Australia na New Zealand walifanya mtihani wa namna hiyo kwa wanawake 848 waliokuwa wakipandikizwa mimba, na matokeo yalitolewa mwaka 2018. Waliopewa sindano za kweli na wakazaa mtoto hai walikuwa asilimia 18.3. Waliopewa za bandia walikuwa asilimia 17.8. Msomaji aliyesoma hesabu ya shule ya msingi ataona kwamba hapo hakuna tofauti ya kulipia laki tisa.

Nikamwuliza kama hao si Wazungu wasioijua kazi ya wenyewe. Akatoa karatasi nyingine, ya mwaka 2017, utafiti uliofanywa China kwenyewe kwa wanawake 1,000 wenye tatizo la ovari kutopevusha mayai kwa utaratibu. Waliotumia vidonge vya klomifeni pamoja na sindano za kweli, asilimia 29.4 walizaa. Vidonge pamoja na sindano za bandia, asilimia 28.0. Wale ambao hawakupewa vidonge vya kweli walikuwa asilimia 13.9 kwa sindano za kweli, na 16.8 kwa sindano za bandia. Vidonge vilifanya kazi inayoonekana, sindano hazikuonyesha kazi yake. Nawaheshimu sana wale Wachina kwa utafiti huo. Si kila mtu huwa na ujasiri wa kuutia mtihanini urithi wa babu zake na kutangaza matokeo yakiwa mabaya.

Mtu asidhani kwamba naidharau tiba ya Kichina. Wajukuu wa kaka yangu wameponea kwayo. Katika karne ya nne Ge Hong aliandika juu ya mmea wa jamii ya pakanga unaotibu homa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mama mmoja, Tu Youyou, pamoja na wenzake waliupima mmea huo maabarani, wakapata dawa ya malaria, naye akatunukiwa nishani ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo imo ndani ya mseto, ambao Tanzania ilianza kuutumia mwaka 2006. Pakanga ilifanyishwa mtihani ikafaulu. Sindano ya kutafuta mtoto imefanyishwa mtihani wa aina ileile, na mpaka sasa haijafaulu. Mwalimu hawezi kumpa mtoto wa pili maksi za kaka yake kwa sababu wametoka nyumba moja.

Wala mitishamba si salama kwa kuwa tu ni mitishamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake walionunua dawa za kupunguza unene zilizochanganywa na mimea ya Kichina waliharibikiwa figo, kwa sababu mmea mmoja ulikuwa umechukua nafasi ya mwingine. Mtu akikuuzia unga usio na jina, hata akiwa mcheshi namna gani, hujui unachokunywa.

Jioni ile nilijiona nimemaliza kazi. Nilikuwa na takwimu, nilikuwa na mifano, na jibu langu lilikuwa moja: usiende. Nikamsomea mke wangu niliyoyaandika. Alikuwa anachambua mchele katika ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Zile sindano zilinipumzisha. Kwa miaka yote ile nusu saa hiyo ndiyo peke yake ambayo mtu aliniuliza ninalalaje. Kwenu nilikuwa tumbo tu."

Sikuwa na jibu. Nilizima taa mapema usiku ule, lakini usingizi haukuja.

Ukweli ni kwamba alikuwa amegusa mahali ambapo hoja zangu hazikufika. Faraja ni kitu, na mtu anayeteseka ana haki ya kuitafuta. Mwanamke anayesubiri kila mwezi na kila mwezi akakuta ameshindwa, anabeba mzigo ambao hakuna kipimo cha maabara kinachouonyesha. Akipata mtu wa kumshika mkono kwa upole, kumwuliza habari za tumbo lake na ndoto zake, kumlaza mahali penye utulivu, nani atasema kuwa ametapeliwa? Ukiniambia kwamba kupumzika huko hakuleti mtoto, nitakujibu kwamba hata kahawa ya kijiweni haileti mtoto, na bado watu wanainunua.

Ila anayeuza kahawa anasema anauza kahawa. Hapo ndipo nilipoiona njia kidogo. Ile karatasi haikusema, "Njoo upumzike, maumivu yapungue, usingizi urudi." Ilisema tisa katika kumi. Bei haikuwa ya faraja, ilikuwa bei ya mtoto. Na anayelipa bei ya mtoto hatoi fedha tu, anatoa pia muda. Sindano haifungui mirija ya uzazi iliyoziba, na katika nchi zetu mirija kuziba kwa sababu ya maambukizi ya zamani ni jambo la kawaida. Sindano hairudishi umri. Mwanamke wa miaka thelathini na minne anayetumia mwaka mzima kusubiri dawa isiyomhusu, mwaka huo hakuna atakayemrudishia.

Tena kuna jambo lililonizuia usingizi zaidi ya hayo yote. Katika karatasi ile nzima, neno mume halikuwemo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takribani mtu mmoja katika kila watu wazima sita hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani. Limesema mtu, halikusema mwanamke. Madaktari wanajua kwamba katika sehemu kubwa ya ndoa zisizo na mtoto, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vipimo vyote vya mwanamke. Hakina kisu wala dawa ya usingizi. Kinahitaji kikombe kidogo na mtu aliye tayari kushinda aibu yake.

Mimi aibu hiyo niliishinda mwaka 1981, mwaka wa tisa wa ndoa yetu. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa amechomwa sindano za Mchina, amekunywa mizizi ya waganga watatu, amefukizwa, amefungwa hirizi kiunoni, na amekaa kimya mezani wakati mama yangu akiniambia mbele yake nioe mke mwingine. Nilikwenda hospitalini kwa siri. Daktari akaniambia kwamba mbegu zangu ni chache mno na dhaifu, na kwamba huenda chanzo ni matumbwitumbwi niliyougua nikiwa na miaka kumi na saba, ugonjwa ulionivimbisha si mashavu tu. Nilikaa siku kumi na moja kabla ya kumwambia mke wangu. Alilia, kisha akanipikia.

Mama yangu sikumwambia. Kila mwaka niliahidi kumwambia mwaka unaofuata. Alifariki mwaka 1989 akiamini kwamba mkwewe ni tasa, na dada yangu akaurithi uongo huo, akamsimulia binti yake kwamba sisi "tulitibiwa na Wachina." Nimewahi kuwachapa watoto kwa kusema uongo mdogo kuliko huu.

Sasa mtanielewa kwa nini sikuweza kumpa mpwa wangu takwimu peke yake. Nilipompigia simu siku ya saba nilimwambia aje na mumewe. Walikuja. Nilikuwa nimemwomba mke wangu ruhusa ya kulisema jambo hili, kwa kuwa ni lake kuliko langu, naye akajibu, "Umechelewa, lakini sema." Nikawasimulia yote, kuanzia yule daktari mwenye kofia mpaka siku ya kumi na moja. Kijana wa watu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikamwambia mpwa wangu:

"Mwanangu, ukitaka sindano kwa ajili ya usingizi na maumivu, nenda, bora ziwe mpya kwa kila mgonjwa, na unga wao uwaachie. Ukizitaka kwa ajili ya mtoto, ushahidi nilioupata hauniruhusu kukwambia uende. Lakini usichomwe hata moja kabla ninyi wawili hamjapimwa, na wa kwanza kupimwa awe huyu bwana, kwa maana chake ndicho kipimo chepesi."

Kukawa kimya. Kisha yule kijana akaniuliza kipimo chenyewe hufanyika wapi, na kama mtu huweza kwenda asubuhi akawahi kazini. Nikamwambia naam, huwezekana.

Majibu yao ni yao, wala sitayaandika hapa. Naweza kusema tu kwamba walikwenda pamoja, wanaendelea na matibabu hospitalini, na mpwa wangu alichomwa sindano mara tano mahali pengine ambapo mhudumu alimwambia wazi kwamba zitamsaidia kupumzika na hakumwahidi zaidi. Anasema analala vizuri.

Tangu siku ile nimejiuliza kama yule daktari wa Mang'ula alijua. Nadhani alijua. Hakuwa na maabara, na elimu yake juu ya figo na mikondo sina hakika nayo, lakini katika jambo moja aliwapita waganga wote tuliowaendea: aliuliza habari za mume. Mimi ndiye niliyempa jibu la uongo, na kila sindano aliyochoma baada ya jibu langu aliichoma katika mwili ambao haukuwa na kosa.

Mwezi wa nane dada yangu alikuja nyumbani. Ana miaka sabini na miwili na magoti yake ni mabovu. Hakunisalimu mimi kwanza. Alipita moja kwa moja hadi uani, mke wangu alipokuwa amekaa juu ya mkeka, akajishusha taratibu akiushika ukuta, akakaa karibu naye. Nilirudi ndani nikafunga mlango, kwa sababu maneno yao hayakuwa yangu kuyasikia.